Taarifa za watoto wa timu yako ziko mikononi mwa nani? Mwongozo kamili kwa makocha, mameneja na wazazi

Timu ya watoto ikishasajili wachezaji thelathini, anayeshika daftari anakuwa na mambo mengi mno mkononi: majina matatu ya mtoto, tarehe ya kuzaliwa, picha ya pasipoti, namba za wazazi, shule, mtaa, ugonjwa alionao, na saa ambazo kila Jumanne na Alhamisi mtoto huyo yuko uwanjani bila mzazi wake. Zamani daftari lile lilikaa kwenye begi la kocha. Siku hizi yaliyomo yanaingizwa kwenye programu ya kuendesha timu, au yanatawanyika ndani ya kundi la WhatsApp, na hapo hakuna begi la kufunga zipu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya timu za watoto na vijana, maana huko ndiko madhara yanakouma zaidi. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: mwenye dhamana ya taarifa hizo ni timu. Kampuni yenye programu inazihifadhi tu, ila aliyeamua zikusanywe, akawaomba wazazi, akaziingiza, ni wewe. Sheria nayo inaona hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtofautisha mkusanyaji, yaani anayeamua taarifa zikusanywe kwa lengo gani, na mchakataji, anayezishughulikia kwa niaba yake. Mkusanyaji anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tena sheria hiyo inaziweka taarifa zinazohusu watoto, na zile za afya, kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi. Kenya ilitangulia kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayodai ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto. Uganda ilipitisha ya kwake mwaka huohuo wa 2019, Rwanda mwaka 2021.

Kama unadhani haya ni ya mabenki na kampuni za simu tu, angalia yaliyotokea Septemba 2023: Ofisi ya Kamishna wa Data ya Kenya iliipiga Roma School ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka hadharani picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Picha tu. Ni jambo ambalo timu zetu nyingi hulifanya kila Jumamosi jioni.

Hatua ya kwanza: orodhesha kila kitu mlicho nacho

Kaa na kamati, chukueni karatasi, muandike mambo manne kuhusu kila taarifa: ni ipi, iko wapi, nani anaiona, na inafanya kazi gani. Msiishie kwenye programu. Pitieni simu ya kocha, ya msaidizi wake, ya mweka hazina na ya yule kijana anayepiga picha. Pitieni barua pepe za mashindano ya mwaka juzi, kompyuta ya stationery mlikoskani vyeti vya kuzaliwa, na kundi la WhatsApp la timu ya zamani ambalo bado lina watu.

Hiyo stationery isisahaulike. Vyeti vikiskaniwa hubaki kwenye mashine ya mwenye duka mpaka mtu aombe vifutwe, na ni wachache wanaoomba. Simama pale, mwambie afute mbele yako, kisha afute na kwenye pipa la takataka la kompyuta.

Hatua ya pili: punguza kabla hujachagua programu

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote zilizobaki, na haigharimu hata shilingi. Programu nyingi huja na fomu ndefu: anwani ya nyumbani, namba ya kitambulisho, jina la shule, urefu, uzito, kundi la damu. Nafasi ikiwepo, mtu hujaza. Nenda kinyume chake: kila nafasi iulizwe, bila hii mazoezi yatakwama? Kama hayakwami, iachwe wazi.

Tuanze na umri. Mashindano ya vijana chini ya miaka 13, 15 au 17 yanahitaji uthibitisho, na udanganyifu wa umri ni tatizo la kweli katika soka letu, kwa hiyo siwezi kukwambia usiangalie cheti. Kiangalie cha asili, linganisha jina na tarehe, andika kwenye rejesta "cheti kimeonekana", tarehe na jina la aliyekiona, kisha mrudishie mzazi palepale. Nakala ichukuliwe pale tu waandaaji wa mashindano wanapoidai, iende kwao moja kwa moja, na ya kwako ifutwe usajili ukishakubaliwa. Ndani ya programu mwaka wa kuzaliwa unatosha. Tarehe kamili pamoja na majina matatu ndiyo malighafi ya mtu anayetaka kujifanya mwenzake.

Afya ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa kutokujua kunaweza kuua. Mtoto mwenye selimundu akikimbizwa juani bila maji ya kutosha anaweza kuzidiwa; mwenye pumu anahitaji mtu anayejua dawa yake ya kuvuta iko wapi. Lakini kocha hahitaji historia ya ugonjwa, anahitaji kujua afanye nini. Badala ya kuuliza "mtoto ana magonjwa gani?", uliza: "Kuna jambo lolote la afya ambalo kocha anapaswa kulijua ili mtoto awe salama mazoezini? Likitokea, tufanye nini na tumpigie nani?" Mzazi atajibu kinachohusika. Majibu yakae kwenye karatasi ndani ya bahasha kwenye begi la huduma ya kwanza, au sehemu ya programu inayoonwa na kocha na mtoa huduma ya kwanza pekee.

Hali ya VVU timu haina sababu yoyote ya kuiuliza. Vidonda vyote vya damu vishughulikiwe kwa glovu, awe ni mtoto gani, na hapo swali lenyewe linakosa kazi. Kwa timu za wasichana, mambo ya hedhi yasiingizwe kwenye programu ya timu hata kidogo. Msichana awe na mwanamke mzima ndani ya timu wa kumwambia, basi. Dini na kabila navyo havina kazi uwanjani.

Hatua ya tatu: isome huduma kabla ya kuiamini

Huduma zinazotumika sana duniani ni kama TeamSnap ya Marekani, Spond ya Norwei na Heja ya Uswidi. Simpigii debe yeyote kati yao. Nazitaja ili ujue kwamba ukizitumia, taarifa za watoto wako huenda zikahifadhiwa nje ya nchi, na sheria ya Tanzania na ya Kenya zote zina masharti juu ya kusafirisha taarifa nje ya mipaka. Wazazi waambiwe hivyo kwa kauli wazi.

Elewa kwanza jinsi huduma hizi zinavyofanya kazi. Meneja anafungua timu, kisha anaingiza majina na mawasiliano ya watu wengine. Yaani mtoto anaweza kuwa ndani ya mfumo kabla yeye au mama yake hajasikia hata jina la programu. Mama anapokea ujumbe: "Umealikwa kwenye timu." Kwa sababu hiyo ridhaa inatangulia, kuingiza jina kunafuata. Mbali na unachokiandika wewe, programu yenyewe hukusanya mengine kimyakimya: aina ya simu, anwani ya IP (namba inayokitambulisha kifaa chako mtandaoni), saa unazoingia, na mahali ulipo kama umeruhusu. Kisha kuna kampuni za pembeni zinazoihudumia programu: inayotuma SMS, inayopokea malipo, inayopima matumizi, na pengine inayouza matangazo.

Sera ya faragha ni ndefu na mara nyingi iko kwa Kiingereza, ila huhitaji kuisoma yote. Mtafute mmoja kwenye kamati anayeimudu, mpeni maswali haya atafute majibu:

- Watoto wana kifungu chao? Mtoto wa umri gani anaruhusiwa kuwa na akaunti, na nani anaikubali kwa niaba yake?
- Taarifa zinauzwa, au zinatumika kulenga matangazo?
- Kampuni gani nyingine zinazipata?
- Tukifuta timu, taarifa zinafutika kweli baada ya muda gani, au zinafichwa tu?
- Mzazi mmoja akitaka za mwanawe zifutwe, anaandika wapi?
- Mfumo ukivamiwa, tutaarifiwa?

Sera isiyojibu swali la watoto na la kufuta, iache, hata kama programu ni nzuri na ya bure. Kwenye duka la Google Play, kabla ya kupakua, shuka mpaka sehemu ya usalama wa data; kwenye iPhone ipo sehemu ya faragha. Kumbuka hayo ni maelezo ya kampuni yenyewe kujihusu, kwa hiyo yalinganishe na sera.

Ukishapakua, programu itaomba ruhusa. Ya kutuma arifa ikubali. Ya kusoma orodha ya majina kwenye simu yako ikatae, maana ukiikubali umezitoa namba za watu ambao hawana habari na timu yenu. Mahali ulipo: kataa, au ruhusu wakati wa kutumia tu. Kamera na picha: chagua picha unazotaka wewe, usifungulie ghala zima.

Hatua ya nne: ridhaa ya mzazi, kwa maandishi na kwa Kiswahili

Fomu za timu nyingi zina mstari mmoja wa "Nakubali masharti yote." Ridhaa ya namna hiyo ni dhaifu. Mzazi anaweza kutaka mtoto acheze lakini asipigwe picha, na fomu lazima impe nafasi hiyo bila mtoto kuachwa benchi. Mfano unaoweza kuunakili:

"Mimi mzazi/mlezi wa ……… nimeelezwa kwamba timu itatunza jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa na namba yangu ya simu kwa ajili ya usajili, ratiba na dharura, kupitia programu ya ………, ambayo taarifa zake zinahifadhiwa ……… Wanaoziona ni ……… Zitafutwa ndani ya siku ……… mtoto akiacha timu.
Usajili na ratiba: Nakubali / Sikubali
Maelezo ya afya kwa kocha na huduma ya kwanza: Nakubali / Sikubali
Picha ndani ya kundi la wazazi: Nakubali / Sikubali
Picha kwenye kurasa za wazi za timu: Nakubali / Sikubali
Naweza kubadili uamuzi huu wakati wowote kwa kumwarifu ……… Mtoto hatanyimwa nafasi kwa sababu ya uamuzi wangu kuhusu picha.
Sahihi na tarehe ………"

Isomeni kwa sauti kwenye mkutano wa wazazi. Wapo bibi na babu wanaolea wajukuu ambao maandishi yanawasumbua, na ridhaa ya mtu asiyeelewa alichosaini haina uzito. Mtoto mwenyewe naye aulizwe. Kijana wa miaka 15 ana maoni yake kuhusu picha yake, na yaheshimiwe hata kama mama amekubali.

Hatua ya tano: kaza mipangilio

Jambo la kwanza ni nani anaona nini. Karibu kila huduma hukuruhusu kugawa nafasi: mmiliki, meneja, kocha, mzazi, mchezaji. Mmiliki awe mmoja, na wa pili wa akiba ili akipoteza simu timu isikwame. Wazazi waone ratiba na mahudhurio. Namba za simu, tarehe za kuzaliwa na maelezo ya wachezaji wengine zifichwe kwao. Mara nyingi mpangilio wa mwanzo unaonyesha zaidi ya unavyodhani, kwa hiyo fungua akaunti ya majaribio kama mzazi uone kwa macho yako.

Majina: jina la kwanza na herufi moja ya ukoo yanatosha kwenye orodha inayoonekana na wote.

Ratiba ndiyo watu wanaisahau. Huduma nyingi zinaweza kutengeneza ukurasa wa wazi wa timu au linki ya kalenda ambayo yeyote aliyenayo anaifungua bila nenosiri. Hapo mtu asiyejulikana anapata uwanja, siku, saa, na pengine majina ya watakaofika. Zima ukurasa wa wazi. Kama mashabiki wanahitaji ratiba ya mechi, watangazieni mechi, mazoezi yabaki ya ndani. Jinsi taarifa ndogondogo za mahali zinavyoweza kufichua makubwa ilionekana Januari 2018, pale ramani ya mazoezi iliyotolewa na Strava, programu ya kurekodi mbio na mazoezi, ilipogundulika kuwa inaonyesha kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia na saa zao mkononi. Vijana wenu wanaotumia programu za kukimbia waelekezeni wafiche mwanzo na mwisho wa njia, maana mara nyingi ndiko nyumbani.

Nenosiri la akaunti ya timu lisiwe jina la timu na mwaka. Washa uthibitisho wa hatua mbili (unaodai msimbo wa ziada baada ya nenosiri) kama upo, na msiazimane akaunti moja watu watano.

Mwisho, mazungumzo ya faragha kati ya mtu mzima na mtoto yafungwe kabisa. Kila ujumbe unaomwendea mtoto upite kwa mzazi au uonekane na mtu mzima mwingine. Hili silegezi. Kocha mwema halimpunguzii kitu, na asiye mwema linamzuia.

Hatua ya sita: WhatsApp, picha na michango

Tuseme ukweli: hata timu yenye programu bado ina kundi la WhatsApp. Tatizo lake kuu ni kwamba kila mwanakundi anaona namba za wote. Kwa matangazo tumia orodha ya utangazaji, ambapo kila mzazi anapokea peke yake (awe ameihifadhi namba yako), au Jumuiya ya WhatsApp, ambayo kwenye kundi lake la matangazo wanachama wa kawaida hawaoni namba za wasiofahamiana nao. Mkibaki na kundi la kawaida, maadmini wawe wawili, linki ya mwaliko isibandikwe hadharani na ibadilishwe baada ya usajili. Februari 2020 linki nyingi za makundi zilikutwa zinapatikana kwa kutafuta tu Google, na chanzo chake kilikuwa linki zilizobandikwa kwenye kurasa za wazi.

Picha: kwenye kurasa za wazi weka za kundi, bila majina, na zipandishwe mkishaondoka uwanjani. Picha ya mtoto mmoja ikiwa na jezi yenye jina mgongoni, shule kwenye maelezo na "tuko hapa sasa hivi" imemwambia mtu mbaya kila kitu. Zima kurekodi mahali kwenye kamera ya mpiga picha. Ukituma picha kwa WhatsApp kama faili la hati, maelezo ya mahali ilipopigwa yanaweza kwenda nayo. Chumba cha kubadilishia nguo hakuna simu. Mtoto aliyeumia hapigwi picha, anasaidiwa.

Michango inaumiza zaidi ya tunavyokubali. Orodha ya "waliolipa na wasiolipa" kundini inamwaibisha mzazi mbele ya majirani, na mtoto ndiye anayetaniwa mazoezini. Tangaza jumla iliyopatikana, wanaodaiwa waandikie mmojammoja. Skrinshoti ya ujumbe wa M-Pesa isitumwe kundini, kwa kuwa ina jina, namba na mara nyingi salio. Mweka hazina anahitaji namba ya muamala tu.

Na hapa kuna hatari iliyo hai. Sote tunawajua matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tapeli akiwa na jina la mtoto, jina la kocha na saa ya mechi, atampigia mama: "Mwanao ameumia uwanjani, tunakimbizana hospitali, tuma laki moja." Mama gani atasita? Kubalianeni mapema, muandike kwenye fomu: timu haiombi pesa ya dharura kwa namba mpya, na mzazi akipigiwa hivyo anakata na kumpigia kocha kwa namba anayoijua.

Hatua ya saba: mtu anapoondoka

Mtoto akihama, mwondoe kwenye programu na kundini ndani ya muda mlioahidi. Bakisha yale tu ambayo shirikisho au mashindano yanadai. Kumwondoa kwenye orodha mara nyingi si kufuta, kwa hiyo tafuta sehemu ya kufuta wasifu, na isipokuwepo iandikie huduma. Kocha akiondoka, haki zake kwenye mfumo zikatwe siku hiyohiyo, hata kama mmeagana vizuri. Kila msimu ukiisha, rudieni ile karatasi ya hatua ya kwanza.

Kwa ndugu walioko Marekani na Ulaya, ambako programu huchaguliwa na klabu: mnayo haki ya kuuliza. Marekani ina sheria ya COPPA inayotaka ridhaa ya mzazi kabla huduma ya mtandaoni iliyolengwa kwa watoto, au inayojua mtumiaji ni mtoto, haijakusanya taarifa za mwenye umri chini ya miaka 13. Ulaya, kanuni ya GDPR inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018 inampa mtu haki ya kuona taarifa zake na kuomba zifutwe. Andikeni barua pepe kwa klabu na kwa kampuni yenyewe.

Hatua ya nane: zikivuja

Simu ya meneja imeibwa, au orodha imetumwa kwenye kundi lisilo lake. Fanyeni kwa mpangilio huu. Kwanza fungeni mlango: toa akaunti kwenye vifaa vyote, badilisha nenosiri, badilisha linki, zuia laini. Pili, andikeni kilichotoka, cha watoto gani, saa ngapi. Tatu, waambieni wazazi siku hiyohiyo, kabla hawajasikia kwa wengine. Nne, toeni taarifa kwa mamlaka: Kenya sheria inatoa saa 72 tangu mlipojua kumfikishia Kamishna, pale madhara ya kweli yanapoweza kumpata mhusika, Tanzania taarifa inakwenda kwa Tume bila kuchelewa. Kama kuna utapeli au vitisho, polisi nao.

Ujumbe kwa wazazi uwe mfupi, unaotaja kilichotoka na cha kufanya:

"Habari za leo wazazi wetu. Leo saa nne asubuhi simu ya meneja iliibwa. Ilikuwa na majina ya watoto na namba zenu. Vyeti na maelezo ya afya havikuwemo. Tumeifunga akaunti na kuzuia laini. Tafadhali msitume pesa kwa yeyote atakayepiga kwa jina la timu, na akipiga mtujulishe. Tunawaomba radhi. Mazoezi ya kesho yapo kama kawaida, ila mtoto akabidhiwe kwa mzazi mwenyewe au mtu ambaye mzazi amemtaja kwa kocha ana kwa ana."